Picha ya ubongo isitangulie kipimo cha damu

Mwaka 2015 watafiti wa Toronto walipima kwa PET, picha inayotumia dawa ya mionzi inayonasa kwenye protini fulani, ubongo wa watu 20 wenye sonona na wengine 20 wasio nayo. Protini ya TSPO, inayohusishwa na seli za kinga za ubongo, ilikuwa juu kwa takribani asilimia 30 kwenye sehemu ya mbele ya ubongo wa wagonjwa. Wengi wakaanza kutumaini kwamba inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuchachamaa, iliyo nyuma ya sonona itaonekana kwa macho.

Matumaini hayo siyabezi. Hapa Dar es Salaam mgonjwa wa akili huambiwa amerogwa, ana mapepo, au mvivu tu. Kaa kwenye benchi la hospitali yoyote utamwona mama akiitoa eksirei ya mwanawe kwenye bahasha, anaielekeza dirishani, na jirani yake anachungulia, anatikisa kichwa, anampa pole. Mwenye sonona hana cha kuonyesha. Picha ingemwokoa na maswali ya wajomba na mashangazi.

Ila picha hii haisemi kile tunachotaka iseme. TSPO ipo hata kwenye kuta za mishipa ya damu. Tofauti ya jeni moja hubadili jinsi dawa ya mionzi inavyoinasa, hata kama ugonjwa haupo. Kwenye skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili, uchambuzi wa 2018 uliounganisha tafiti kadhaa uliikuta imepungua. Kisha utafiti wa 2023 ukaonyesha kwamba kwa binadamu, tofauti na panya, haipandi seli za kinga zinapochachamaa. Inafuata zaidi wingi wa seli hizo. Kulinganisha makundi ya watafitiwa, sawa. Kumchagulia mgonjwa mmoja dawa, bado kabisa.

Kuna njia nyepesi zaidi. Mwaka 2013 huko Marekani wagonjwa 60 wa sonona sugu walijaribiwa infliximab, dawa ya kutuliza inflamesheni. Kwa jumla haikuishinda dawa bandia, yaani ya kulinganishia isiyo na tiba ndani yake, lakini waliokuwa na kiwango cha juu kwenye damu cha CRP, protini inayopanda inflamesheni inapokuwapo mwilini, walielekea kunufaika. Kipimo cha CRP kinahitaji sindano na maabara ya kawaida. Pesa ya familia ianzie hapo, pamoja na kipimo cha VVU na kaswende, maradhi ambayo nayo huweza kuvuruga akili.

Anayebadilika ghafla ndani ya siku chache, akapata degedege na kuchanganyikiwa, ni habari nyingine: huenda kinga ya mwili inaushambulia ubongo. Huyo apigwe picha ya ubongo ya MRI na achukuliwe maji ya uti wa mgongo upesi, kwa sababu ugonjwa huo una matibabu.