Insulini si dawa ya kujaza misuli, wadogo zangu acheni kujidunga

Juzi kwenye jim moja ya mtaani huku Mwanjelwa kijana kaanguka katikati ya zoezi, jasho linamtiririka na baridi yote hii ya Julai, mikono inatetemeka, anaongea vitu havieleweki. Sisi tukadhani hajala, kumbe mwenzetu kajidunga insulini asubuhi, kuna mtu kamwambia ndo inajaza misuli haraka. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha soda tukamkimbiza hospitali na bajaji. Amepona, ila mi sijatulia mpaka leo.

Insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu, naijua kwa sababu ya mjomba wangu, mkulima wa viazi kule Isongole. Kongosho lake liliacha kuitengeneza, na kabla hatujajua ni kisukari alikonda mapaja yakabaki fimbo, majirani wengine wakasema kalogwa, wengine wakanong'ona ana ngoma. Alivyoanza kudungwa, baada ya miezi kadhaa mwili ukarudi, mabega yakajaa. Sasa mtu atauliza, kama ilimrudishia mjomba misuli kwa nini isimjaze kijana wa jim?

Kwa sababu mjomba hakuwa nayo kabisa, kijana anayo. Mwili ukikosa insulini unaanza kujibomoa, protini ya misuli inavunjwavunjwa inakuwa asidi amino, yaani vile vipande vidogo vinavyounda protini, zinapelekwa kwenye ini zikageuzwe sukari, na sukari yenyewe imejaa tele kwenye damu ila misuli haiipati vizuri. Dawa ilichofanya zaidi kwa mjomba ni kusimamisha ule ubomoaji, na kwa mtu mzima hiyo ndo kazi kubwa ya insulini kwenye misuli. Kujenga nako inasaidia, sikatai, ndani ya seli kuna njia wataalamu wanaiita mTOR, insulini ikiigusa, ribosomu, vile viwanda vidogo vya seli, zinaanza kuunganisha protini mpya. Lakini wanaoisukuma njia hiyo kweli kweli ni asidi amino zenyewe, hasa moja inayoitwa lusini, pamoja na ile kazi ya kunyanyua vyuma.

Yaani fundi, ndo insulini, kafika saiti, tofali, ndo asidi amino, hakuna, atajenga na nini? Tena ukijidunga bila kula inakuwa mbaya zaidi, maana asidi amino zilizokuwa zinazunguka kwenye damu nyingi zilitoka kwenye ubomoaji, ukishauzima zinapungua, saiti inakauka. Alafu kiasi kinachohitajika ni kidogo tu, kile kongosho lako linachomwaga baada ya mlo wa kawaida kinatosha, ukizidisha juu ya hapo ujenzi hauongezeki.

Kinachozidi ni hatari. Misuli inavuta sukari, ini linaacha kuitoa, na ubongo unaoitegemea unabaki na njaa, ndo mtu anachanganyikiwa, anapoteza fahamu, anaweza kufa. Na insulini inaendelea kufanya kazi kwa masaa, kwa hiyo hata akinywa soda akazinduka sukari inaweza kushuka tena, msimwache arudi geto kulala peke yake, mpelekeni hospitali!

Inaniuma kwa sababu hii dawa ni ya kuokoa watu. Mwaka 1922 kule Toronto mtu wa kwanza kutibiwa nayo alikuwa Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 aliyebaki ngozi na mifupa, na kabla ya hapo watoto kama yeye walikuwa wanasubiri kufa tu. Leo kichupa kilekile kinachukuliwa na mtu mwenye kongosho zima kwa sababu ya mikono minene.

Na tofali zipo hapahapa Nyanda za Juu. Kande ile tunayoidharau tukiwa vijana, mahindi yana upungufu wa asidi amino inayoitwa laisini, maharage yanayo, maharage yana upungufu wa nyingine, methionini, mahindi yanayo, vikikutana kwenye sufuria moja vinafidiana. Kuna usipa wa Kyela, maziwa ya Rungwe, mayai. Ukila hivyo insulini yako mwenyewe inapanda bila sindano, na ukibeba vyuma ukalala usingizi wa kutosha misuli inakuja, taratibu lakini inakuja.

Mjomba bado anadunga kila siku kwa kipimo alichopangiwa, na hali chakula kabla hajapima sukari. Msimu huu kapalilia viazi vyake mwenyewe, hakuita kibarua.