Taa iliyomsubiri bibi

Safari hii ya Singapore sikwenda Marina Bay, kule kunakokwenda watalii. Tukiwa bado kwenye basi la kutoka uwanja wa ndege, wahudumu wenzangu wa zamu walishapanga: tulale kwa saa nne au tano, jioni twende wote kuona taa kwenye ile miti ya chuma, kisha tupige picha na jengo lenye umbo la meli iliyoegeshwa juu ya minara mitatu. Niliwaambia watangulie. Singapore hiyo nimeiona mara tano, na ni nzuri kweli. Miti 18 ya chuma na zege, yenye urefu wa kati ya mita 25 na 50, usiku inawaka rangi kwa kufuata muziki, na kuitazama ni bure. Uwanjani Changi penyewe kuna maporomoko ya maji ya mita 40 yanayoshuka ndani ya jengo. Picha zake zimejaa kwenye simu ya kila mhudumu wa ndege ninayemfahamu.

Nilichotaka kujua ni jambo jingine. Mji huu unaosifiwa kuwa mji wa kesho unamtendeaje mtu aliyechoka, anayekwenda kwa miguu, asiye na pesa nyingi? Kazi yangu ndiyo iliyonifundisha kuuliza hivyo. Kutoka Ghuba, ninakoishi, hadi Singapore ni saa saba na ushei angani, na sehemu kubwa ya saa hizo nimesimama. Nikivua viatu hotelini, alama ya ukingo wa kiatu inabaki imechoreka mguuni mpaka nioge, nilale, niamke. Mwenye miguu iliyovimba huuona mji kwa namna yake. Huhesabu ngazi. Hutafuta pa kukaa. Na haimchukui muda kujua kama aliyeuchora mji ule aliwahi kuutembea.

Basi nikavaa ndara, nikapanda treni, nikaenda Toa Payoh.

Toa Payoh hapana fahari yoyote ya kumvuta mtalii. Ni mtaa wa maghorofa ya serikali, mmoja wa mitaa ya mwanzo kujengwa na HDB, shirika la nyumba lililoundwa mwaka 1960. Leo karibu wakazi 8 katika kila 10 wa nchi hiyo wanaishi kwenye nyumba za shirika hilo. Treni za mji nazo zilianzia huku: kipande cha kwanza cha reli, kilichofunguliwa Novemba 1987, kilitoka Yio Chu Kang kikaishia hapa Toa Payoh.

Nilipotoka stesheni nilisimama kwenye kivuko cha barabara pana. Pembeni yangu alikuwapo bibi wa Kichina, mgongo umepinda, anavuta kikapu cha magurudumu kilichojaa mboga za majani. Akatoa kadi kwenye mfuko wa blauzi, akaigusisha kwenye kisanduku kilichofungwa kwenye nguzo ya taa, akairudisha mfukoni. Mtu wa kijani alipowaka tukaanza kuvuka pamoja. Mimi nikafika ng'ambo, nikageuka. Yeye ndiyo kwanza alikuwa katikati ya barabara, kikapu kinamvuta upande, hatua zake fupi kama za mtoto anayejifunza kutembea. Basi la abiria, teksi mbili na pikipiki ya mpeleka chakula, vyote vilikuwa vimesimama. Taa ikabaki ya kijani. Hakuna aliyepiga honi. Bibi akafika, akapitisha kikapu pale ukingo uliposhushwa usawa wa lami, akaenda zake bila kutazama nyuma.

Utaratibu huo ulianza mwaka 2009. Mtu yeyote wa miaka 60 na kuendelea, au mwenye ulemavu, huigusisha pale kadi yake ya kawaida ya nauli nafuu, na taa humwongezea kati ya sekunde 3 na 13 kulingana na upana wa barabara. Vivuko vya namna hiyo ni vingi. Hakuna fomu ya kujaza, wala huhitaji kijana wa kukuombea njia.

Nilikaa kwenye benchi la pale pale nikaendelea kutazama. Alikuja mzee mwenye fimbo, akagusisha kadi. Akaja mama kwenye kiti cha magurudumu, akagusisha kadi. Na kila mara mji mzima, na mabasi yake na watu wake wenye haraka, ukasimama ukawangoja. Nimefika kwenye miji mingi yenye majengo marefu, na sijawahi kuona kitu kilichonigusa moyo kama kisanduku kile.

Naamini tunaipima miji ya kesho kwa kipimo kibaya. Tukirudi nyumbani tunasimulia urefu wa minara na wingi wa taa, na viongozi wetu wakitoka ziara huko hurudi na michoro ya minara na taa. Mnara ukiwa na pesa unaujenga popote, hata jangwani. Mimi naishi kwenye mji ulioufanya huo kuwa kazi yake. Lakini zile sekunde 13 zilitaka mtu akae ofisini amuwaze bibi mwenye kikapu cha mboga, ampimie hatua zake, kisha amwambie mwenye gari: wewe utasubiri. Huo ni uamuzi kuhusu nani ana thamani, na ndio ninaotamani tuuige.

Kivuli nacho. Singapore iko nyuzi moja na kidogo tu kaskazini ya ikweta. Jua lake ni lile lile la Dar es Salaam, na mvua yake inashuka bila hodi kama ya Tanga wakati wa masika. Siku ile ilininyeshea nikiwa njiani na sikulowa hata ncha ya ndara, kwa sababu kutoka stesheni mpaka kwenye maghorofa kuna njia za miguu zilizoezekwa paa. Mpaka mwaka 2018 walikuwa wamekamilisha kilomita 200 za njia hizo kuzunguka stesheni za treni na vituo vya mabasi. Pasipo paa pana miti, mikubwa, iliyotandaza matawi juu ya barabara. Kampeni ya kuipanda ilianza mwaka 1963, wakati Singapore ilikuwa bado na mitaa ya vibanda vya mabati na makuti. Waliotangulia walipanda kivuli ambacho wengi wao hawakukikalia. Sisi tukipanua barabara, wa kwanza kuanguka ni mwembe.

Chini ya maghorofa ya Toa Payoh hakuna nyumba. Ghorofa ya chini wameiacha wazi, nguzo na sakafu tu, na hapo ndipo watu wanapoishi kwa pamoja. Wazee wanacheza sataranji ya Kichina kwenye meza za zege, watoto wanaendesha baiskeli, Wamalei wanaandaa harusi, Wachina wanaweka matanga. Mimi mtoto wa pwani niliitambua mara moja. Ni baraza.

Njaa ikanipeleka kwenye jumba la mamalishe, lenye vibanda vingi chini ya paa moja na feni kubwa juu. Kwenye kibanda kimoja mama wa Kimalei aliyejifunga mtandio alikuwa anapakua wali kwenye jani la mgomba. Harufu ilinisimamisha. Wali wa nazi! Wao wanauita nasi lemak: wali wa tui, juu yake dagaa wa kukaanga wakakauka mpaka wanavunjika mdomoni, karanga, yai, vipande vya tango na pilipili ya kukaanga yenye utamu kwa mbali. Nilikaa na sahani ile na machozi yakanilenga, kwa kuwa ni miezi minane sijakanyaga nyumbani.

Nilimwamkia kwa kumwita makcik, jina wanalompa mwanamke wa umri wa mama mdogo. Aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Tanzania, nazungumza Kiswahili. Tukaanza kupeana maneno huku wateja wakingoja. Mimi habari, yeye khabar. Mimi wakati, yeye waktu. Subira, sabar. Akili, akal. Nilipomwambia dunia akacheka mpaka akaweka mwiko chini, maana na yeye kwake ni dunia vile vile, haikupungua herufi. Kiarabu kilivuka bahari moja kikaacha watoto pande zote mbili, na hapo tulikuwa ndugu wawili tunatambuana juu ya sufuria la wali.

Majumba kama lile yana historia inayotuhusu. Zamani wauza chakula wa Singapore walikuwa barabarani, na mikokoteni yao, maji machafu yanamwagwa kwenye mitaro, askari wa mji wanawafukuza kila kukicha. Mwaka 1968 serikali ilianza kuwaandikisha wote. Kisha kuanzia miaka ya 1970 hadi 1986 ikawajengea majumba yenye maji ya bomba, umeme na mifereji, pale pale karibu na walaji wao, ikawahamishia humo. Desemba 2020 UNESCO ikauweka utamaduni huo wa mamalishe kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Kuwaandikisha na kuwahamisha wote kulichukua karibu miaka 18 ya kufanya kazi moja bila kuiacha. Mtu akikumbuka jinsi wamachinga wetu walivyohamishwa mwaka 2021, na wangapi walirejea barabarani kwa sababu huko walikopelekwa mteja hafiki, ataona nilikuwa nawaza nini mbele ya sahani ile.

Sitasema kila kitu kule ni kizuri. Aliyekuja kufuta meza yangu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mikono inatetemeka, anasukuma toroli la vyombo. Wako wengi wa aina hiyo kwenye majumba yale. Baadhi yao wanasema wanapenda kujishughulisha kuliko kukaa ndani. Lakini yule aliegemea toroli lake kila baada ya meza mbili, na mimi naijua namna ile ya kuegemea. Sisi huegemea toroli la chakula hivyo hivyo nyuma ya pazia, abiria wasione.

Kulikuwa na jingine lililonichoma zaidi. Asubuhi yake, kwenye kivuko kama kile cha bibi, lori lilisimama mbele yangu. Nyuma, kwenye bodi ya wazi yenye turubai juu, walikaa wanaume kama ishirini, Wahindi na Wabangladeshi, wanapelekwa kujenga. Walikaa chini wamekunja magoti. Sheria ya Singapore inamtaka kila abiria wa gari dogo afunge mkanda. Ila wafanyakazi wa kigeni wanaruhusiwa kubebwa hivi, nyuma ya lori, bila kiti wala mkanda. Watetezi wao wamepiga kelele miaka mingi. Serikali imejibu kwamba kuzuia kabisa kungeyaelemea makampuni madogo.

Kazi yangu ni mikanda. Kila safari napita kiti kwa kiti, namwamsha aliyelala, naomba blanketi lifunuliwe nione kama umefungwa. Siulizi mtu pasipoti yake ni ya nchi gani kabla ya kumfunga mkanda. Na mimi mwenyewe ni mgeni kwenye nchi ninayofanyia kazi. Naishi humo kwa kibali kama wao. Kwa hiyo jibu la gharama silikubali. Mji ulioweza kumhesabia bibi sekunde zake hauwezi kushindwa kumpatia kiti mtu anayeujenga, na karibu watu 3 katika kila 10 wanaoishi Singapore si raia wala wakazi wa kudumu. Kama akili ya kile kisanduku haiwafikii hao, basi kazi yake bado haijaisha.

Saa mbili usiku, kule Dar ikiwa saa tisa alasiri, nilimpigia mama mkubwa. Anakaa Manzese, goti lake la kulia halikunji.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeshatua? Uko nchi gani leo?"

Nikamsimulia ya bibi, kadi na taa. Akanyamaza. Yeye akitaka kuvuka Barabara ya Morogoro kuna magari ya kwenda, magari ya kurudi, na mwendokasi katikati. Ngazi za daraja la juu hawezi, kwa hiyo hukaa kwa muuza mihogo mpaka apite kijana anayemjua amshike mkono.

"Umesema sekunde ngapi?"

"Kumi na tatu, mama."

"Zingenitosha," akasema.

Kesho yake jioni basi lilikuja kutuchukua. Barabara ya kwenda Changi imefunikwa na miti pande zote mbili, na mvua ilikuwa inaanza. Wenzangu wakaonyeshana picha zao za miti ya chuma, zilikuwa nzuri. Mbele yetu lilikwenda lori linalorudisha watu kutoka kazini. Mmoja wao alikuwa amesinzia, kichwa begani kwa mwenzake, na wawili wa nyuma walikuwa wameshikilia ncha za turubai kwa mikono ili maji yasiwafikie. Tukawapita. Saa tatu baadaye nilikuwa kwenye ujia wa ndege, nafunua mablanketi na kukagua mikanda, kiti kwa kiti, mpaka safu ya mwisho.