Machipuko gani, Mombasa hii?

Binti wa kakangu alinitumia tangazo: Tamasha la Maua ya Machipuko, bustani ya hoteli moja ya ufuoni, kiingilio shilingi elfu moja. Machipuko! Mwezi wa Machi, kaskazi inakata roho, usiku ukiugeuza mto pande zote mbili zimelowa jasho. Nikamuuliza, "Kinachochipuka ni nini, mwanangu, vipele vya joto?" Akanijibu, "Shangazi, twende tu tukapige picha."

Tukaenda. Langoni waridi za plastiki. Zilizokuwa hai zilitoka Naivasha, zimesimama wima kama askari wa gwaride. Nikainama kunusa. Harufu ya friji.

Sina ugomvi na machipuko. Wairani wanayo haki yao: Nowruz yao huingia Machi 20 au 21, baridi imeondoka kweli na miti inatoa majani. Na jina hilo hilo ndilo lililovuka bahari likawa kwetu Nairuzi, Siku ya Mwaka. Lakini wazee wetu walichukua hesabu, baridi wakawaachia wenyewe. Mwaka wa siku 365, umegawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, wenye majahazi na wenye mashamba wakajua lini kutweka na lini kupanda. Na kwa kuwa mwaka mrefu, wa siku 366, hawakuuhesabu, siku hiyo ikawa inarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Siku hizi inatuangukia Julai, kusi likivuma. Nani aliyelalamika? Watu walikwenda koga baharini alfajiri, na Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wakamzungusha ng'ombe mjini hadi kuchinjwa penye kaburi la Shehe Mvita, anayetajwa kuwa mwasisi wa mji. (Wapo masheikh wasiotaka hata kusikia habari hiyo. Hoja yao naijua, leo siigusi.)

Hasira yangu hasa ni ya maua. Mtu anatufundishaje maua sisi? Nimelelewa na nyanya ambaye alasiri ilikuwa haimpiti bila kuchuma asumini, zingali matumba meupe yamefumba, kwa sababu asumini iliyokwisha kufunguka mtini imekwisha kazi. Tunakaa mkekani na sindano na uzi, natunga, nikikosea nachapwa kofi la mkono, naanza tena. Kisha vikuba: rehani, kilua, asumini, vimefungwa vidogo vya kupachika kifuani. Jua likizama ndipo zinafunguka, kichwani mwa mtu, nyumba nzima inajua. Asubuhi zimegeuka rangi, zatupwa. Hazingoji friji wala ndege ya Uholanzi. Hilo ni tamasha la kila jioni na hatukuwahi kumtoza mtu kiingilio.

Leo nenda Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, utafute mti wa asumini. Ua lilipokuwa pamepandwa saruji, juu yake ghorofa, na ghorofani bibi harusi anatandikiwa kitanda kwa maua ya nailoni. Mwenye pesa ya kujenga matao ya plastiki angeshindwa kununua miche hamsini? Angeshindwa kuwalipa wale mama wachache wanaojua kutunga, wakawafunza wasichana? Lakini asumini haitokei vizuri kwenye picha. Ni ndogo, nyeupe, ya kunuswa tu.

Haya, nakubali: watoto walifurahi, na vijana waliopanga viti walilipwa. Picha nilipiga tatu. Sikupendeza hata moja.

Magharibi tulishukia Mji wa Kale. Mama mmoja kakaa barazani na sinia lake, zimebaki nyuzi mbili na kikuba kimoja. Nikanunua zote. Binti hakusema kitu. Alikishika kikuba puani mpaka tukapanda matatu ya kurudi, simu imo mkobani. Hatujafika mbali makanga akageuka, akaangaza viti vyote: "Nani humu kabeba nyumba ya harusi?"