Mimi, Jogoo na Herufi M

Jumamosi jioni mwinjilisti wetu alinipigia simu nikiwa nimelala chini ya pikipiki ya mteja, mikono yote grisi. Sauti yake ilikwaruza kama breki zilizoisha. Malaria imemlaza, akasema, mchungaji naye yuko mtaa mwingine kwa ubatizo, kwa hiyo kesho nisimame mimi.

Sasa, mimi nina kigugumizi tangu utoto, na adui yangu ni herufi moja tu: M. Hizo nyingine tunaelewana. Nilitaka kumjibu "Mimi siwezi," nikakwama mlangoni.

"Mmmm... mmmm..."

"Asante sana ndugu yangu," akasema. "Nilijua utakubali." Akakata.

Nikampigia tena. Simu imezimwa.

Mama watoto, badala ya kunihurumia, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha akaniambia nisome Kutoka sura ya 4, nione mwenzangu alivyojaribu kukwepa. Nikasoma: "maana mimi si mwepesi wa kusema, na ulimi wangu ni mzito." Nikafarijika kama dakika moja hivi. Kufika mstari wa 14 hasira ya Bwana imewaka, na jamaa kapewa kaka yake Haruni amsemee. Kaka yangu mimi ni dereva wa lori, na jioni hiyo alikuwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma.

Basi nikaamua nitahubiri hayohayo. Hapo ndipo nilipoona balaa lililoko mbele: Musa. Mungu. Misri. Midiani. Sijui nani alikaa na Kiswahili hiki akapanga mambo yote matakatifu yaanze na M. Nikakesha na kalamu. Mungu akawa Bwana, hakuna tatizo. Misri ikawa "kule kwa Farao". Midiani ikawa "ukweni". Musa mwenyewe akawa "yule ndugu yake Haruni". Kondoo wapo, fimbo ipo, nyoka yupo, kichaka kinawaka. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kulipa deni.

Kwetu huku Tukuyu sadaka si fedha tu. Watu huleta mikungu ya ndizi, mayai, kuku, na baada ya ibada vinapigwa mnada. Jumapili hiyo kulikuwa na jogoo mwekundu, kafungwa miguu kwa kamba ya mgomba, kalazwa ubavu hatua mbili tu kutoka niliposimama. Tukatazamana. Jicho lake moja, lile la juu, halikupepesa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Vizuri. "Leo tunaye yule ndugu yake Haruni."

Watu wakageukiana. Mzee mmoja wa kanisa akafungua Biblia, akaifunga. Kutoka kwenye kwaya mtu akauliza chinichini, "Nani huyo?"

"Yule bwana aliyeona kichaka," nikasema. "Jina lake halina haja."

Jogoo akawika.

Kanisa likawa kimya. Bibi mmoja wa benchi la mbele, ambaye hakosi ibada hata inyeshe vipi, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Hee! Anamkana kama Petro alivyomkana Yesu!"

Nikajikaza. "Huyo ndugu alikuwa na fimbo..."

Jogoo akawika tena.

"Mara ya pili," bibi akahesabu.

Yule mzee akamwinamia kumsahihisha: "Bibi, mara mbili ni kwa Marko. Kwa Mathayo jogoo aliwika mara moja tu."

"Basi huyu kijana kakwisha kote kote."

Jasho likanishuka hadi kwenye soksi. Nikaona heri nife na jina la mtu mdomoni. "M-m-m-m..."

"Mungu!" kanisa zima likanisaidia.

Nikatikisa kichwa. "M-m-m..."

"Mwokozi!" "Malaika!" Mtoto mmoja nyuma akapiga kelele, "Maandazi!"

"Musa!" akapaza yule mzee, nami nikaliwahi neno likiwa hewani, tukalitamka pamoja. Likatoka kama nati yenye kutu iliyokubali spana. Unajua, nikiimba pambio sikwami kabisa, na nikisema pamoja na watu vilevile ulimi hulainika. Sijui kwa nini sikulikumbuka hilo usiku na kalamu yangu. Tukaenda hivyo hadi mwisho, mimi naanza M, wao wanasukuma kama watu wa gari lililokwama kwenye tope. Musa wa miaka 80 na Haruni wake wa 83 tukawafikisha kwa Farao. Mahubiri yalichukua dakika 50, na hakuna aliyesinzia, kwa sababu hakuna aliyejua neno linalofuata.

Kwenye mnada jogoo alianzia shilingi 15,000 akapanda hadi 40,000. Bibi wa benchi la mbele ndiye aliyeondoka naye kwapani. Alisema jogoo anayejua Maandiko hachinjwi.

Jumatano mwinjilisti akaja gereji, mzima, anang'aa, kunipa pole na hongera kwa pamoja. Halafu akauliza kama nitasimama tena Jumapili. Safari hii nilikuwa nimejiandaa, nimechagua neno lisilo na M mwanzoni.

"Siwezi!" nikasema. Limetoka safi, halijakwama hata kidogo.

"Umeona?" akasema, ananishika bega. "Ulimi umeshafunguka."

Akaniachia karatasi ya somo juu ya tangi la pikipiki, akaenda zake. Mathayo 5. Nikafuta mikono, nikafungua Biblia nione mstari wa kwanza.

"Naye alipowaona makutano, alipanda mlimani."