Sikuajiriwa, Nililipa

Leo saa kumi na moja alfajiri simu imelia. Ukiwa ughaibuni simu ya alfajiri unaijua: ama kuna msiba, ama kuna mtu kwake ni saa sita mchana na hakumbuki kwamba dunia ni duara. Nikaipokea nimeshakaa kitako, mkono mmoja kifuani. Alikuwa Baba Mdogo, Muheza.

"Mwanangu, tumeiona picha."

"Picha gani, Baba Mdogo?"

Kimya. Halafu akashusha pumzi kama mtu aliyetumwa na kikao. "Usione haya. Kazi ni kazi, mradi huibi."

Sikuelewa kitu mpaka nilipofungua kundi la ukoo. Nipo mle, nimesimama chini ya taa za zambarau, na mimi ni boga. Boga zima la rangi ya chungwa, kikonyo kichwani, limenywea, uso wangu umechungulia katikati kama abiria aliyebanwa kwenye dirisha la daladala. Chini ya picha, pole. Pole kaka. Maisha ya mbele siyo mchezo. Shangazi katuma mikono ya dua kumi na minne, nimeihesabu. Na binamu yangu, yule ambaye tangu Juni ananiomba hela ya kumalizia pikipiki, kaandika maneno matatu tu: "Kumbe ndiyo maana."

Ndiyo maana nini?

Naomba niseme mbele za watu: sikuajiriwa kuwa boga. Nililipa. Na nikishasema hivyo naona nimezidi kuharibu.

Halloween, ile sikukuu ya watu kujigeuza kwa mavazi ya vituko, tarehe yake ni 31 Oktoba, hata mtoto anajua. Lakini viwanja vikubwa vya burudani vya huku Florida haviwezi kusubiri. Vingine vinaanza Agosti, jua linachoma, msimu wa vimbunga uko katikati, mtu kavaa manyoya ya mbwamwitu anatiririka jasho. Kiwanja tulichoenda sisi sikitaji, maana nina hakika wana mawakili wengi kuliko mabembea. Niseme tu kwamba tiketi ya usiku wa sherehe ni ya peke yake hata kama uliingia mchana kwa tiketi nyingine, ni zaidi ya dola 100 kwa kichwa, na mtoto akishatimiza miaka mitatu naye anahesabiwa kichwa.

Nilijitetea kwa kanuni. Siku za kawaida, mtu kuanzia miaka 14 haruhusiwi pale kuingia amejigeuza, watoto wasije wakamchanganya na wafanyakazi wanaolipwa mshahara kuvaa hivyo. Usiku wa sherehe anaruhusiwa, ila kwa masharti: barakoa hakuna, joho lisipite kiuno, nguo isiburure chini, upanga wa bandia usifanane na wa kweli, na usisaini daftari la mtoto wa watu kana kwamba wewe ndiye mwenyewe. Nilisoma yote hayo usiku kucha, natafuta kifungu kinachomkataza boga. Hakuna. Kule California, kwenye kiwanja cha burudani cha Knott's Berry Farm walioanza sherehe zao za usiku mwaka 1973, mgeni ukija umejigeuza wanakurudisha getini. Watu wastaarabu. Nimemwambia mke wangu tuhamie, kanyamaza.

Chanzo cha boga ni khanga. Mama mkwe alipofika kutoka Tanga alimletea binti yake doti moja, imeandikwa "Ukipenda boga penda na ua lake". Ujumbe ulikuwa wangu, kwa sababu wiki ile nilikuwa nimeuliza, kwa adabu zote, kwamba mama anakaa mpaka lini. Mke wangu, Mama Zuhura, akaitandaza ile khanga sebuleni, akaitazama, akapiga makofi. "Tumepata! Wewe boga, mimi ua, watoto majani!" Huku familia hujigeuza kwa mada moja, usipofuata wewe ndiye unayeonekana huna familia. Likaagizwa. Likaja kwenye mfuko mdogo kama wa soksi. Ndani yake kuna kifeni kinachotumia betri nne. Unaliingia, unafungwa zipu mgongoni na mtu mwingine, unawasha, linavimba.

Barabara ya I-4 kutoka Tampa sina la kusema, walioipita wananielewa. Getini walilipapasa boga kutafuta silaha. Habari za chooni nazihifadhi kwa ajili ya wajukuu.

Ila ya Mwenyekiti lazima niyaseme.

Tulikuwa kwenye foleni ya treni ile inayoteremka watu wanapiga kelele, ubao unasema dakika 70. Foleni zenyewe zina vyuma pande zote mbili, zinakwenda zinarudi kama josho la ng'ombe. Ukishaingia hutoki mpaka uogeshwe. Sasa mbele yangu, mstari wa pili, nikaona nyuki. Nyuki mkubwa, mtu wa kilo mia na kitu, mistari ya njano na nyeusi imekazana tumboni, soksi ndefu nyeusi za kubana, mbawa mbili za nailoni, na kichwani antena za springi zenye vipira. Ningempita. Lakini alikohoa. Kikohozi kile nakijua. Ni kile kinachotangulia "Ndugu wajumbe".

Alikuwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu. Mtu anayekuja msibani na suti nyeusi ya vipande vitatu mwezi wa Agosti. Mwaka juzi alimrudisha kijana wa watu nyumbani kutoka kwenye kikao kwa sababu ya kaptula. "Heshima ya Mtanzania ni vazi lake," ndivyo alivyosema, na tukapiga makofi.

Tulionana. Kila mmoja akaamua kwamba hajaona. Tatizo la josho ni kwamba mnapishana kila baada ya dakika tano, uso kwa uso, nafasi ya hatua moja. Mara ya kwanza yeye aliangalia mbinguni, mimi nikaangalia viatu vyangu, ambavyo boga haliwezi kuviona. Mara ya pili aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vya nyuki havina kamba. Mara ya tatu nilikuwa nimeshajiandaa kupiga chafya, ndipo mama mkwe akasema kwa sauti ya kuita muuza samaki:

"Baba Zuhura! Huyu nyuki si mwenzetu? Nimemsikia kasema 'loh'."

Hapo hakuna pa kukimbilia. Kanizidi umri, kanizidi cheo. Nikakunja lile tumbo kadiri lilivyokunjika.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba," nyuki akajibu. "Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Salama." Tukatazamana. "Kumbe nawe umekuja."

"Nimekuja."

"Ehee."

Nikamtambulisha mama mkwe. Mwenyekiti akataka kumwamkia kwa adabu, mikono miwili, mgongo umeinama. Bawa la kushoto likampiga mtoto wa mfalme aliyekuwa nyuma yetu, antena zikanigonga kwenye paji la uso, toi, toi. "Shikamoo Mama." "Marahaba baba. Poleni na kazi." Mama mkwe huwapa watu wote "poleni na kazi", hata walio likizo, lakini nilimwona Mwenyekiti ikimchoma ndani kabisa.

Ungedhani ataaga. Wapi. Aibu ilipomzidi akakimbilia kule anakokujua, kwenye uongozi. Akakohoa.

"Sasa, ndugu, kwa kuwa tumekutana…"

Jamani. Mtu yeyote anayeishi huku na Watanzania wenzake anajua sentensi hiyo inakwenda kuishia wapi. Akaingiza mkono nyuma, mahali ambapo nyuki huweka mwiba, akatoa simu. Akafungua orodha. "Ule mchango wa kusafirisha mwili. Dola 50. Jina lako bado lina nyekundu."

Nami wakati huohuo nikasikia kifeni kinabadilisha sauti. Kilikuwa kinasema vuuuu. Kikaanza kusema vu. Vu. Betri zilikuwa zinakufa. Boga likaanza kunywea, kwanza mabega. Mwenyekiti anasoma: mchango wa msiba, mchango wa harusi ya katibu, ada ya mwaka. Alipofika kwenye faini ya kuchelewesha nilikuwa nimebaki na umbo la embe. Alipojumlisha, kitambaa chote kimenilalia mwilini kama shuka, na kikonyo kimeniangukia jichoni.

"Mlipe mwenzio, baba," mama mkwe akasema kwa huruma, "ona mpaka limenyauka."

"Sina hela hapa, Mwenyekiti."

"Kila siku huna."

Wallahi, siku ile ilikuwa kweli! Pochi iko kwenye suruali, suruali iko ndani ya boga, boga lina zipu mgongoni, na mwenye kuifungua kavaa petali mikono yote miwili. Nikaanza kueleza. Ukiwa umenyauka namna ile hakuna maelezo yanayosikika. Nikapandisha, nikamwambia, "Mwenyekiti, wewe una mbawa, mimi nina kikonyo. Kikao hiki akidi imetimia kweli?"

Foleni nzima ikageuka. Hawajui Kiswahili, lakini ugomvi wa boga na nyuki hauhitaji mkalimani. Abuu, wangu wa miaka mitano, ambaye shuleni wamefundishwa habari za maua, naye akachagua dakika hiyohiyo kunyoosha kidole: "Baba! Nyuki amemfuata mama!"

Mwenyekiti akafunga simu. Akasema tutawasiliana. Lakini tulikuwa na dakika 40 za josho mbele yetu, tukaendelea kupishana kila baada ya dakika tano, na kila tukipishana tunaamkiana kwa vichwa kama mabalozi. Mwisho wa foleni kijana wa pale akahesabu watu, akatuweka mimi na yeye kiti kimoja. Chuma kikatushukia mapajani. Bawa lake lilikuwa mdomoni mwangu njia nzima. Kwenye lile teremko kubwa nilimsikia akimwita mama yake, kwa Kizigua.

Ni mama mkwe aliyenipiga ile picha tuliposhuka. Yeye peke yake alikuja na nguo zake, dera, ushungi na khanga kiunoni, na ndiye aliyeombwa picha na wageni kuliko sote. Dada mmoja alimuuliza ushungi ule umeshonwa na nani. Akapita vituo vyote vya pipi, kwa sababu huku hata mtu mzima anapewa, akajaza mifuko mitatu. Halafu akaituma picha yangu nyumbani na maneno haya: "Baba Zuhura huyo, Marekani. Mungu ampe nguvu." Hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana nashindwa hata kumlalamikia.

Ila kinachoniuma ni hiki. Mimi nalea wazee. Zamu mbili, naamka saa kumi, nainua watu wazima kutoka kitandani kwenda kitini na kutoka kitini kwenda bafuni, mgongo umekuwa wa kukopa. Nimewahi kutuma picha nimevaa sare ya kazini, macho mekundu, Krismasi, saa nane usiku. Mnajua niliandikiwa nini? "Umenawiri." Na chini yake namba ya kutumia pesa. Miaka tisa hakuna aliyenipa pole. Usiku mmoja nimekwenda kucheza na wanangu ndipo ukoo mzima umekaa kikao kunihurumia, na Baba Mdogo ananiambia kama boga limeshindikana nirudi, shamba lipo!

Mtu mzima kucheza siyo ajabu hata kwetu. Makunduchi, Zanzibar, wakati wa sherehe za Mwaka Kogwa wazee wenye wajukuu wanatandikana kwa migomba, na jioni wanakula pamoja. Lakini hakuna anayewapelekea picha Muheza.

Na nikizungumzia boga, hebu nipeni jibu. Asili ya Halloween huko Ayalandi walikuwa wanachonga tanipu, mzizi mdogo wa kujipikia. Wahamiaji walipofika Marekani wakakuta boga, kubwa, laini kuchonga, wakalitoboa macho. Sawa. Lakini mbona hawalili? Mtaani kwetu kila kibaraza kina matatu, yanakaa mpaka yanaoza. Mama mkwe alipita akitazama huku na huku kama mtu aliyeona chakula kinamwagwa. "Futari yote hii!" Usiku akatoka akabeba moja la jirani, la macho na meno. Kalimenya, kalipika kwa nazi na iliki kama la Ramadhani. Likatoka maji, nyuzinyuzi tupu. Haya ya kuchonga hayana ladha, wameyakuza kwa ajili ya sura. Akaonja, akaweka kijiko chini, akasema sasa ameelewa kwa nini wanayavaa.

Jumamosi anaondoka. Mabegi mawili, kilo 23 kila moja, na mimi ndiye mwenye mizani. Nimepima pipi peke yake, kilo sita. Chokoleti nimemwambia zitayeyuka kabla hazijafika Tanga, kasema watakunywa. Vitenge havijaingia bado, wala dawa za mgongo za Baba Mdogo, wala ile blenda. Jana usiku nimemkuta sebuleni amekaa na bisibisi, amelifungua boga langu, kile kifeni kiko mkononi anakielekeza usoni.

"Hiki unakihitaji tena, mwanangu?"

"Cha nini, Mama?"

"Kupulizia jiko la mkaa."

Nimekiweka kwenye begi la pili. Gramu mia mbili. Ananiuliza betri zake kule Tanga zitapatikana duka gani.