Oscar ya 2023: Zanzibar ilikuwamo au haikuwamo?

Tarehe 12 Machi 2023, huko Los Angeles, tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa ilikwenda Ujerumani kwa All Quiet on the Western Front ya Edward Berger. Walioachwa ni Argentina kwa Argentina, 1985, Ubelgiji kwa Close, Poland kwa EO na Ireland kwa The Quiet Girl. Kwa kawaida habari za namna hii huku Unguja hupita bila mtu kugeuza shingo. Safari ile na sisi tulikuwa na letu jambo. Tanzania ilikuwa imepeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, na Denge, kijana wa siasa anayesakwa na serikali ya Mwingereza, katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Filamu haikuingia kwenye tano. Haikuingia hata kwenye zile 15 za mchujo zilizotangazwa Disemba 2022.

Tangu hapo mjadala haujesha. Wapo wasemao tuzo zile si za watu kama sisi, tuwaachie wenyewe. Wapo wasemao tumeshaonja, tusikate tamaa. Na wapo, khasa kwenye barza za Mji Mkongwe, wenye duku duku jingine kabisa: kitabu cha Mzanzibari, hadithi ya Zanzibar, mitaa ya Zanzibar, lakini kwenye orodha limeandikwa jina la Tanzania. Hayo matatu hayajibiwi kwa jibu moja.

Tuweke hesabu sawa kwanza, maana wengi walikuwa wakiambiana kuwa filamu "imeteuliwa Oscar". Kila nchi inaruhusiwa kupeleka filamu moja kwa mwaka, nayo huchaguliwa na kamati ya nchi hiyo. Katika zote hizo huchaguliwa 15, kisha tano, na hizo tano ndizo wateule. Vuta N'kuvute ilisimama ngazi ya chini kabisa. Hata hivyo, kwa historia yetu, ngazi hiyo si ya kudharau. Kabla yake Tanzania ilikuwa imefika hapo mara moja tu, mwaka 2001, kwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, na Mhando ndiye aliyekuja baadaye kuliongoza Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF. Miaka 21 baina ya filamu na filamu. (Mwaka ule wa Maangamizi mshindi alikuwa Bosnia, nchi iliyotoka vitani juzi, na miongoni mwa walioshindwa ilikuwamo Lagaan ya India. Huku kwetu Lagaan haihitaji kutambulishwa, na nadhani wapo ambao hadi leo hawajaisamehe Bosnia.)

Tuwasikilize wanaosema si zetu. Hawasemi ovyo. Bara zima la Afrika limewahi kushinda tuzo hii mara tatu. Algeria ilishinda kwa Z ya 1969, aliyoiongoza Costa-Gavras, Mfaransa mwenye asili ya Ugiriki. Ivory Coast ilishinda kwa filamu ya 1976 iliyoongozwa na Jean-Jacques Annaud, Mfaransa. Tsotsi ya 2005, ya Gavin Hood wa Afrika Kusini, ndiyo pekee iliyoongozwa na mtoto wa bara hili. Kwenye zile 15 za mwaka wetu, Afrika nzima ilikuwa na nchi moja, Morocco, kwa The Blue Caftan. Na Kiswahili chenyewe kimeshawahi kufika kwenye tano, katika filamu fupi: Watu Wote, inayosimulia shambulio la basi huko Kenya, iliteuliwa mwaka 2018. Mwongozaji wake, Katja Benrath, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Hamburg. Lugha yetu ikaingia ukumbini, lakini aliyeishika mkono ni Mjerumani.

Sitakaa sana kwenye pesa, kwa sababu hilo kila mtu analijua. Wapiga kura wanazidi 9,000, na ili wakukumbuke lazima wakuone: maonesho maalumu, matangazo, watu wa kukusemea. Filamu ya Ujerumani ilikuwa na Netflix nyuma yake, ikateuliwa katika vipengele tisa na kushinda vinne. Mtayarishaji wa Dar es Salaam au Unguja hawezi kupimana nguvu na kampuni ile, na hakuna aibu kulisema.

Hoja yao dhaifu ni ile ya kwamba wale wazee wa Hollywood hawataki hadithi ndogo za watu wadogo. The Quiet Girl inaikataa. Ni filamu ya Colm Bairéad kuhusu mtoto wa kike mkimya anayepelekwa kwa jamaa zake shamba, msimu wa kiangazi wa 1981. Hakuna bunduki humo, hakuna mashua inayopinduka. Kuna maziwa ya ng'ombe, kisima, na watu wazima wasiosema yanayowauma. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kiayalandi, lugha ambayo hata Waayalandi wengi hawaizungumzi nyumbani, ukilinganisha na Kiswahili chetu kinachovuka mipaka ya nchi kadhaa. Ilikuwa filamu ya kwanza ya lugha hiyo kuteuliwa katika kipengele hiki.

Ilifikaje? Ilipitia Cine4, mpango unaoendeshwa kwa ushirikiano wa kituo cha televisheni cha TG4, shirika la filamu la nchi hiyo na mamlaka ya utangazaji, na kazi yake ni kutoa fedha kwa filamu ndefu za Kiayalandi. Fedha za umma zilitangulia, filamu zikafuata, uteuzi ukaja mwisho kabisa wa foleni. Sisi tunaanza na tuzo na kurudi nyuma kutafuta filamu. Vuta N'kuvute yenyewe ilibidi itafute washirika wa nje, wakiwemo wa Afrika Kusini na Ujerumani, ndipo ikamilike. Najua mtu atasema Ireland ni Ulaya, ina wasambazaji jirani na Kiingereza cha kujitangazia. Kweli, na kwa hivyo mfano huu haumalizi ubishi. Unaonesha tu kwamba udogo wa hadithi haukuwa kikwazo.

Wala asili ya kitabu haikuwa kikwazo. Filamu iliyoshinda nayo imetoka kwenye riwaya, ya Erich Maria Remarque, ambayo ilishawahi kufanyiwa filamu mwaka 1930 na kupata Oscar ya filamu bora. Wajerumani walichukua kitabu kinachosomwa skuli wakakirudia kwa macho mapya. Na Vuta N'kuvute ni kitabu cha skuli vilevile. Vijana kwa maelfu wamemjua Denge kwa ajili ya mtihani.

Hapa ndipo panaponishughulisha mimi zaidi kuliko Los Angeles. Ingia duka lolote la kutilia filamu kwenye flashi pale Darajani. Kijana amekaa mbele ya kompyuta yenye vumbi, waya zimening'inia, mafolda yamepangwa kwa majina: Kihindi, Kikorea, Kituruki, Bongo, za kutisha. Muulize Vuta N'kuvute. Atakuuliza, "Ile ya kitabu?" Anaijua, pengine aliifanyia mtihani. Lakini hana, na hajaiona. Mwenye filamu anafurahi kwamba haijaibiwa, na ana haki. Ila kijana yule ndiye mtazamaji ambaye filamu ile ilimhusu kabla ya mpiga kura yeyote wa Marekani, na hakuna mlango halali wa jirani wa kumwelekeza akalipe aione.

Kanuni za Oscar zinagusa hapo hapo. Filamu ya kipengele hiki lazima iwe imeoneshwa siku saba mfululizo katika ukumbi wa sinema wa biashara, nje ya Marekani, watu wakilipa kiingilio. Tamasha halihesabiki. Ngome Kongwe kwenye ZIFF, watu wamejipanga kwenye ngazi za mawe, upepo wa Forodhani unatikisa skrini, ni raha isiyo na mfano, na maonesho ya vijijini ambayo tamasha hilo limekuwa likiyapeleka Unguja na Pemba nimeyapenda zaidi hata ya mjini. Lakini tamasha ni la siku chache kwa mwaka, halijengi desturi ya kukata tiketi siku ya Jumanne ya kawaida.

Na desturi hiyo tulikuwa nayo! Jumba la kwanza la sinema la Vuga lilijengwa mwaka 1921, likaungua, likajengwa tena miaka ya 1950 kwa jina la Majestic. Wazee wanasimulia Jumapili jioni: familia nzima imevaa kama sikukuu, manukato yananukia njia nzima, filamu ya Kihindi imejaza ukumbi na tiketi zinalanguliwa nje. Empire na Cine Afrique nazo zilikuwa na watu wao. Leo hata moja kati ya hizo tatu haioneshi filamu. Watetezi wa Oscar wakiniambia kuwa kuifukuzia tuzo kutatulazimisha kuwa na ukumbi, nawapa sikio, kwani ndiyo hoja yao iliyo bora na wenyewe hawaitumii. Udhaifu wake ni kwamba wiki hiyo moja ikitimia Dar es Salaam, kanuni imetimia. Oscar haitauliza kama Vuga ilionesha.

Kanuni nyingine inatubeba. Zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Nigeria ilitolewa mwaka 2019 kwa sababu hiyo, Lionheart ikawa na Kiingereza kingi mno, na kelele zilikuwa kubwa, kwa kuwa Kiingereza ndicho Wanigeria wengi wanachoelewana nacho. Sisi msiba huo hautupati. Filamu ya Zanzibar isipokuwa ya Kiswahili itakuwa ya nini?

Nirudi kwa wenye duku duku la jina. Mara nyingi hulalamika kwa mfano wa mpira: Machi 2017 CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili, watu wakashangilia, Julai mwaka huo huo ikaunyang'anya kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi. Wanadhani Oscar ni yale yale. Siyo. Chuo kinachotoa Oscar hakisubiri kiti cha Umoja wa Mataifa. Taiwan hupeleka filamu. Hong Kong ilikuwa ikipeleka chini ya Mwingereza na imeendelea chini ya China. Greenland, sehemu ya ufalme wa Denmark yenye serikali yake ya ndani, ilipeleka Nuummioq mwaka 2010. Watu wa Greenland ni wachache sana kuliko sisi. Puerto Rico ilizuiwa kuanzia 2011, lakini sababu yake ni kwamba ni himaya ya Marekani, na kipengele hiki ni cha filamu za nje ya Marekani.

Kwa hiyo njia ipo, angalau kwenye karatasi. Utamaduni si jambo la Muungano. Zanzibar ina BASSFU yake inayosimamia sanaa na sensa ya filamu, na Bara wana Bodi yao ya Filamu. Mtu akitaka kujenga hoja ya kamati ya Zanzibar mbele ya wale wa Los Angeles, hakosi pa kuanzia, na Greenland ataiweka mezani kama ushahidi.

Ila mimi sishawishiki bado, na si kwa woga wa siasa. Tanzania nzima, pamoja na wingi wa filamu zinazotoka Dar es Salaam, ilikaa miaka 21 bila kupeleka kitu. Zanzibar peke yake ingepeleka nini mwaka kesho, na mwaka wa pili? Greenland yenyewe ilipopata kiti haikukijaza kila mwaka. Na Vuta N'kuvute, ambayo tunaidai kuwa yetu, imeongozwa na mtu wa Dar es Salaam na kutayarishwa na kampuni ya huko. Tukigawana makaratasi, huenda ingeandikwa Tanzania vilevile, na sisi tukabaki na mitaa iliyopigwa picha. Kinachodaiwa kwa sasa ni viti vya Wazanzibari ndani ya kamati ya pamoja, viti vya kupiga kura, na sharti kwamba filamu ikichaguliwa ioneshwe kwa tiketi na huku, hata kama ukumbi utakuwa wa kukodi.

Kuna sababu nyingine ya vitendo. Chuo kinataka kamati ziwe na watu wa fani yenyewe: waongozaji, wahariri, wapiga picha, watu wa sauti. Tunao, tena wazuri. Wanaishi kwa video za taarabu, matangazo ya hoteli na harusi. Ukiitisha kikao chao siku ya Ijumaa baada ya sala, jiandae: saa kumi nusu yao watakuwa wameaga, kuna bibi harusi anawasubiri Kiembesamaki.