Leigh Brackett: sinema ilimpa nini, ilimnyima nini?

Vijana wanaoandika hapa Malindi hawaishi kubishana: mtunzi wa hadithi za kisayansi akiitwa kuandika filamu, aende au ashikilie vitabu vyake? Mimi huwatajia Leigh Brackett, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1915 na kuanza kuchapisha visa vya anga mwaka 1940.

Riwaya yake ya upelelezi ya 1944 ilimvutia mwongozaji Howard Hawks, akaagiza aletewe huyo bwana Brackett. Kumbe ni bibi! Akapewa kazi ya kuandika filamu ya The Big Sleep pamoja na mwandishi wa riwaya William Faulkner. Wakati huo alikuwa katikati ya hadithi ya kisayansi. Akaiacha, na nusu iliyobaki akamwachia rafiki yake Ray Bradbury aimalizie.

Wanaoiogopa sinema wana hoja hapo. Tena kuna zito zaidi. Mapema mwaka 1978 alikabidhi mswada wa kwanza wa The Empire Strikes Back, filamu ya Star Wars, na mwezi wa Machi akafariki kwa saratani. Wenzake wakauandika upya. Filamu ilipotoka mwaka 1980 jina lake lilikuwamo, lakini kazi yake imesalia kiasi gani, mashabiki wanavutana hadi leo.

Hata hivyo, siwezi kusema sinema ilimwua mtunzi. Majarida ya hadithi yalilipa kwa neno, tena vijisenti. Filamu zilikuwa na malipo ya maana. Na vitabuni alirudi. Mwaka 1955 alitoa The Long Tomorrow: baada ya vita vya nyuklia, katiba ya Marekani inapiga marufuku mji wowote wenye watu zaidi ya 1,000 au majengo zaidi ya 200 kwa maili moja ya mraba. Kwa sheria hiyo Malindi isingekuwepo. Kitabu hicho ni chake mwanzo hadi mwisho, na ndicho kinachonifanya nimheshimu.

Kwa hiyo nasema aende, ila kisa anachokipenda kuliko vyote akiandike riwaya kwanza. Sisi tunacho kimoja mlangoni. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini huko Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru. Kikianza kama mswada wa filamu, mtayarishaji ndiye atakayeamua nani abaki na nani akatwe. Mimi ningependa kwanza kukisoma kama alivyokiwaza kijana wa Ngomeni mwenyewe.